Gari la Kupanda Mawe

Nyumba yetu ya Bunju imeyapa mgongo machimbo ya mawe. Siku hizi hakuna anayechimba. Kazi ilisimama tangu ukuta mmoja ulipoporomoka mchana na kumfunika mdogo wangu wa kiume. Walimtoa jioni. Baada ya hapo sikukanyaga tena kule, na mama, ninayeishi naye, akawa mtu wa maneno machache. Ila kila alasiri alikuwa akiteka ndoo ya maji na kuiweka mlangoni pa bafu la uani, kama alivyokuwa akimwekea mwanawe alipotoka kazini. Jua likizama, anaumwagilia mchicha maji yale. Hatukuizungumzia ile ndoo.

Mvua ikinyesha, mawe huporomoka yenyewe kule chini. Linaanguka moja, kimya, halafu yanafuata mengine. Tulikuwa tukiacha tunachofanya, tunatazamana, tunaendelea.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia mlio mpya kutoka machimboni, mwembamba kama wa cherehani. Unapanda, unakwama, unapanda tena. Mama alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kuna mtu anafanya kazi kule," akasema.

Nikapanda juu ya ndoo nyingine nikachungulia juu ya ukuta wa uani. Alikuwa mwenzangu wa shuleni ninakofundisha, mwalimu wa fizikia, ambaye hakuwa na habari za msiba wetu kwa kuwa alihamia baadaye. Ameshika rimoti, na mbele yake gari la mchezo lenye matairi manene lilikuwa likitambaa juu ya mwamba, tairi moja hewani, bila haraka yoyote.

Jumatatu nilimfuata ofisini nikiwa nimekusudia kumwomba asiende tena kule. Nilipofungua mdomo, nikajisikia nikisema, "Na mie nataka kujifunza."

Akafurahi kweli. "Madam, sasa tuanze na ishu ya kwanza: kubwa au dogo?"

Alikuwa nayo yote mawili. Kubwa lilikuwa na urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, zito, na uzito huo ndio unaolituliza, akasema. Ukikosea kidogo halianguki, kwa hiyo wanaoanza wengi huambiwa wachukue hilo. Lakini linataka mawe ya kweli. Dogo linakaa kiganjani, unaweza kuliendesha hata sebuleni ukirundika vitabu, ila kokoto tu inalipindua.

"Kwa hiyo inategemea," akamalizia. "Wewe utaliendeshea wapi?"

Aliniazima yote mawili nijaribu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama naenda sokoni Tegeta, nikazunguka ukuta na lile kubwa ndani ya kapu. Njia ya kushukia ilikuwa imeota majani. Nililiweka gari chini, nikalitanguliza, nikawa nalifuata nyuma. Hilo lilinisaidia: macho yalikuwa kwenye matairi, si kwenye zile kuta. Mwenzangu alisema kweli, lilitulia. Nilikosea mara nyingi na halikuanguka. Likapanda jiwe moja, likashuka, likapanda jingine, na mimi bila kujua nikawa nimefika katikati kabisa.

Kisha likazunguka nyuma ya bonge la mwamba, nikawa silioni. Nikaachia kidole. Mlio haukukoma.

Nikaachia rimoti nzima, ikaning'inia kwenye kamba shingoni. Kule nyuma mlio uliendelea, unapanda, unakwama, unapanda, kama mtu anayesukuma kitu kizito. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikaita jina la mdogo wangu, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwita aje kula. Mlio ukakatika hapohapo.

Nilipozunguka mwamba nililikuta gari limeegemea ukuta wa mawe, pua juu, matairi ya mbele yameingia kwenye ufa. Mwenzangu alinieleza baadaye kwamba mawasiliano hupotea penye mwamba mnene, na gari huweza kubaki na amri ya mwisho. Naamini. Ila yeye hakuwapo.

Jumatatu nilimrudishia lile kubwa.

"Limekushinda?" akauliza.

"Limeniweza," nikasema. "Linanipeleka mbali."

Nikamweleza yaliyotupata. Akasema, "Basi hilo dogo lisirudi. Kaa nalo, sista."

Uani kwetu kulikuwa na rundo la mawe ambayo mdogo wangu aliyachonga kwa mkono na kuyaleta nyumbani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyajengea kitu. Gari dogo nililiendeshea hapo. Kwa ukubwa wake, kila jiwe lilikuwa mlima, na alama za patasi zikawa makorongo. Lilipinduka kila mara. Nililiinua, nikarudia, na kila nilipoinama niligusa mawe ambayo sikuwahi kuyagusa.

Mama alikuja na kigoda chake, akakaa. Alitazama siku ya kwanza, akatazama ya pili. Siku nyingine akanyoosha mkono.

"Nipe."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Gari likaruka, likagonga, likasimama. Akajaribu tena kwa kidole gumba, taratibu, ameng'ata mdomo. Likaanza kupanda.

"Polepole, baba," akaliambia. "Hapo panateleza. Rudi kidogo. Haya, sasa."

Nikaingia jikoni, nikashika meza.

Siku hizi alasiri ni zake. Nikiwa ndani nasahihisha madaftari, nausikia ule mlio mwembamba, na sauti ya mama ikielekeza, ikionya, wakati mwingine ikicheka. Halafu ananyamaza, kama mtu anayesubiri ajibiwe, ndipo aendelee. Huwa sitoki. Nawaacha.