Kompyuta Ilinitafuta Isinione

Riwaya yangu haitachapishwa, tuelewane mapema. Nimeshalia, nimechoka.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Kariakoo, na mtaa mzima unajua kwamba maneno yanapatikana kwangu. Kijana akitaka kuoa, ananieleza ukoo wake na wa binti, namwandikia barua ya posa. Kina mama wa kikundi wanataka risala, mfiwa anataka wasifu wa marehemu. Sharti lao ni moja: isionekane nimeandika mimi. Muuza vitenge asikike muuza vitenge, shehe asikike shehe. Kwa hilo nilikuwa najiona, huniambii kitu.

Mhariri mmoja mwenye ofisi kule Posta aliipenda riwaya. Ila siku hizi, akasema, watu wanaandikiwa na mashine, kwa hiyo wao wachapishaji wana programu ya kompyuta inayopima mkono wa mwandishi: anavyokata sentensi, vijineno anavyovirudia bila kujijua. Akataka maandishi yangu ya zamani ya kulinganishia. Kwa kiherehere changu nikambebea barua za posa, risala na wasifu, zile bora kabisa.

Kompyuta ikasema zimeandikwa na watu mbalimbali, na riwaya haifanani na yeyote kati yao. Nilicheka, nikamweleza kazi yangu. Alinisikiliza kwa upole, akasema yeye ananiamini, lakini wakubwa zake wanaiamini kompyuta.

"Dada, niletee ulichoandika cha kwako tu. Hata ukurasa mmoja."

Nilipekua nyumba nzima. Kwenye simu kulikuwa na "nimefika" na "pitia mkaa". Kabatini nikakuta barua ya posa yangu mwenyewe, ile washenga wa mume wangu waliyoileta kwetu. Jamani, nayo niliiandika mimi! Mume wangu alisema nani mwingine ataiweza, basi nikajisifia humo kwa sauti ya baba mkwe. Nikakaa sakafuni nikalia.

Nikajaribu kuandika upya, chochote. Kila sentensi niliyoianza niliijua ni ya mteja gani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana hata riwaya nilipoifungua sikujua tena ni ya nani.

Nikarudi Posta mikono mitupu. Mhariri akaniuliza tena kama sina kabisa kitu changu. Nikamwambia sina, na sikuwa namdanganya.