Nzi Anayesikiliza Senene, na Kokushubira Aliyemsikiliza Nzi

Mama Queen anaapa kwa macho yake mawili: alinunua senene wabichi, wale panzi wa kuliwa, kwa Kokushubira, akafunua kopo, funza akajitokeza kama mwenye nyumba. "Yule anauza mizoga," akautangazia mtaa mzima, huku Ilemela, juu kwenye mawe. Makopo ishirini aliyouza Kokushubira kwa siku yakashuka hadi matatu.

Kokushubira Bagenda (23), aliyeishia darasa la saba, hakugombana. Aliwatenga senene waliozubaa kwenye ndoo yenye udongo, akafunika kwa kipande cha chandarua, akasubiri.

"Siuzi mizoga mimi. Nawanyonyoa mbawa wakinirushia mateke," anasema. "Nikaangalia, nikaangalia. Wenye upanga mkiani, majike, hawana funza hata mmoja. Wenye funza ni madume tu. Na anayeimba ni dume. Nikasema ehee! Kuna mtu anawasikiliza!"

Wiki mbili baadaye, nzi saba wa rangi ya asali walitoka udongoni.

Leo, saa tatu asubuhi, Dk. Sabina Ndalahwa, mtafiti wa wadudu aliyepata habari za nzi hao, ameinamia hadubini katikati ya masufuria ya Kokushubira. Mama Queen yuko mlangoni, shingo ameirefusha.

"Njoo, mdogo wangu," Dokta anamwita Kokushubira. "Chini ya shingo ya nzi unaona nini?"

"Pametuna, dokta. Kama kingoma."

"Ndilo sikio lake!" Dokta anapiga meza, vifuniko vinalia. "Senene dume akiimba, nzi huyu anamfuata, anamwachia watoto wake. Wanamla akiwa hai. Miaka kumi na tisa namtafuta! Tulikuwa naye mmoja tu, tena mbawa zimevunjika."

Kokushubira anarusha ungo juu. "Mama Queen, umesikia? Akiwa hai!"

"Nimesikia. Ikiwa nzi ana sikio, sembuse mimi?"

Msimu ujao Kokushubira anataka kutega ndoo ishirini, ajue nzi huyu hujificha wapi senene wakitoweka.

Dokta anamchoma nzi kwenye pini, anatoa kikaratasi cha kumtambulisha. Kimeshachapwa ofisini: "Mkusanyaji: S. Ndalahwa."

Kokushubira anakisoma polepole, mara mbili.

"Dokta, shikamoo tena," anasema. "Jina langu lilichafuliwa kwa ajili ya nzi huyu. Naomba uliandike hapo. Ni herufi kumi na moja tu, na mwandiko wangu ni mdogo. Pasipotosha, nipe kalamu."

Dokta anakitazama kikaratasi. Kalamu iko mkononi mwake.