Mutu Aliyekausha Maji kwa Miguu

Kama unataka kucheka, cheka sasa, kwa sababu mbele hautapata nafasi. Mimi niko mukaka, bibi wa bajukuu tisa. Masomo yangu ilikomea mwaka ya tatu primaire, sinywe pombe ya kasiksi, na kutunga hadithi sijue. Hii niliiona kwa macho yangu, muchana, jua iko juu, hapa Butembo.

Ninakoropa karo, vigae vya chini, kwenye maternité moja, nyumba ya kuzalia yenye jengo mpya. Kwenye plafond, dari ya juu, kuna vitu vyeupe, kama vifuniko vya thermos. Siku ile teknisie alitoka Beni kuja kuvipima. Jina yake Kakule, mwanaume wa kipara na maneno mingi. Alinielezea: vingine vinanusa moshi, lakini jikoni na buanderie, kule banafulia nguo, kuna mvuke kila siku, basi kule baliweka vile vya kungoja joto. Alikuwa na mashini ya mukono, inafanana na séchoir ya kukausha nywele ya salon, ameifunga juu ya muti murefu. Anaipandisha, inapuliza joto, taa nyekundu inawaka, kengele inalia nyumba muzima.

Nikamuuliza kama alikuja kukausha plafond nywele.

«Mama, plafond yenu haina hata unywele mumoja. Tuko ndugu.»

Sasa, ile kazi iko na sheria. Kabla ya kengele kulia, lazima kujulisha batu bote kwamba ni majaribio, ili mutu mwenye kidonda asiruke kitandani. Balinipa mimi ile kazi, kwa sababu mudomo yangu inaogopwa. Nikaingia kwa bamama bazazi, chumba ya pembeni ya buanderie. Balikuwa sita, na mumoja ni mujukuu yangu Masika, balimupasua tumbo kumuzalisha siku mbili zilizopita, binti yake wa kwanza amelala pembeni. Nikabaambia kengele italia, hapana kutoka, mwenye atakimbia nitamurudisha na kitambaa ya kukoropea. Ilipolia, Masika akainuka. Nikamulaza na jicho tu. Mara ya pili hakuna hata aliyegeuza kichwa.

Saa sita, batri ya mashini ikaisha. Kakule akaipeleka kwa sentinelle, mulinzi wa geti, ikae kwenye courant ya umeme, akaenda kula. Mimi nikamwaga maji kwenye koridoro ya buanderie.

Hapo akapita mutu mwingine. Nguo kama ya Kakule, muti murefu begani kama ya Kakule. Nikajua ni mwenzake. Nikamusalimia, akaendelea kutembea. Nilitaka kumugombeza juu ya kukanyaga karo zangu, nikaangalia chini.

Kila pale alipokanyaga, maji ilikauka.

Unanielewa? Wewe na mimi tukikanyaga karo yenye maji, tunaacha uchafu. Yeye aliacha mukauko mweupe, na alama ilikuwa ya muguu tupu, vidole vitano, lakini alivaa bottes, viatu vya mpira. Niligusa moja. Ilikuwa na moto kama jiwe la jikoni. Na vile vitu vya plafond, kila alipopita chini yake, taa iliwaka yenyewe. Muti hakuuinua. Kengele ikalia.

Akasimama kwenye mulango ya bamama, akageuka. Sauti yake ilikuwa ya upole.

«Mama, ni majaribio. Ubaambie balale.»

Niamini, nilitii. Nilipaza sauti, nikasema: mulale. Ni mudomo yangu mimi.

Pale pale Kakule akaingia mbio kutoka uani, mikono mitupu, maharagi kwenye vidole.

«Mama, hapana mimi! Mashini iko kwa sentinelle!»

Moshi ilikuwa inatoka chini ya mulango ya buanderie. Ule mutu alijaza njia ya kuingia kwa bamama, hakusogea. Kakule hakumuangalia hata kidogo. Nikamuwekea kiganja kifuani nimusukume. Haikukuwa kifua. Ilikuwa babula, jiko yenye makaa. Nikapita ndani ya ile joto, na nilipogeuka, hakukuwa na mutu.

Nikabaambia bamama batoke. Unajua balifanya nini? Balijilaza tena.

«Mukaka, tumeshazoea, hatukimbie,» mumoja akasema. Bengine bakacheka, bakafikiri ninabatega. Masika akavuta blanketi.

Sikubishana. Nilibeba mutoto yake, nikatoka naye kimya. Masika akanifuata analia, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na bale bengine, kumuona vile, bakashika batoto babo bakafuata.

Hakuna aliyekufa. Ukuta uliungua mpaka nyuma ya kitanda ya Masika. Kwenye buanderie balitafuta moto ilianzia wapi, hata fer à repasser, pasi ya nguo, haikukuwa kwenye courant. Kakule aliapa kwa mama yake kwamba alitoka Beni peke yake, na pale mulangoni aliniona mimi tu, nasema na hewa.

Mukono yangu ya kuume haisikie moto tena mpaka leo. Natoa sufuria kwenye makaa bila kitambaa, bajukuu banapiga kelele. Na ule mutoto ya Masika, nikimupokea na ule mukono, analia mpaka sauti inakatika. Namubeba na ya kushoto.

Wewe unayesoma, kengele ikilia, toka. Bakikuambia ni majaribio, toka, utabauliza maana ukiwa inje. Na kama ni mimi mwenyewe nimesimama mulangoni nakuamuru ulale, usinitii.