Gunia la Mama na Orodha Mbili za Ukavu

Mnisamehe mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na herufi zangu hazikai kwenye mstari. Neno nililolikosea lisomeni tu mlivyozoea.

Mimi na mama tunachambua vitunguu hapa Ruaha Mbuyuni. Tunakata majani na mizizi, tunatoa vilivyooza, tunapanga madaraja. Wenzetu hububujikwa machozi hadi kidevuni. Mama hakutoa hata chozi. "Vitunguu vinamwogopa huyo!" walisema wanawake, nami nikajivuna. Sikujua kwamba macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. Baadaye hata ugali ukawa haumezeki bila maji kila tonge. Akawa anatembea na kidumu cha maji, hata kanisani.

Siku tuliyomzika mdogo wake mama wa tumbo moja, wifi ya mama alisema kwa sauti, "Oneni, dada mtu hana hata chozi!" Mama akainama. Nilitaka kumjibu yule shangazi yangu, lakini mimi ni mtu wa aibu, maneno huniishia kooni. Nikanunua daftari. Tangu siku hiyo nikawa naandika mama ameamka na macho ya namna gani, amekunywa maji mara ngapi, amefanya nini.

Hospitali moja mjini Iringa walimpima. Walimwekea ukanda wa karatasi kwenye ukingo wa jicho, waone machozi yataulowesha kiasi gani. Wakampa kikombe atemee mate. Damu ikapelekwa Dar es Salaam, ikarudi na alama ya ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Lakini karatasi ilikuwa imelowa vizuri, na mate yalitosha. Daktari akasema vigezo havijatimia, akatuandikia rufaa kwenda Mbeya.

Mbeya tulifikia kwa ndugu, mtaa wa Soweto. Daktari wa huko alikuwa mwanamke wa makamo. "Kamwene, mama," alimsalimia mama kwa Kihehe, na mama akacheka kabla hajakaa. Kisha akaweka karatasi mbili mezani.

Orodha ya zamani, alisema, ina vitu sita vyenye uzito sawa: malalamiko ya macho, malalamiko ya mdomo, kipimo cha machozi, kipimo cha mate, kinyama kidogo kinachokatwa ndani ya mdomo wa chini, na damu. Vikitimia vinne, na kimojawapo kikiwa damu au kinyama, mgonjwa anahesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Orodha mpya haihesabu malalamiko, hayo ni mlango wa kuingilia tu. Inatoa alama: damu tatu, kinyama tatu, vipimo vya macho na mate moja moja. Zikifika nne, anahesabiwa.

"Kwa ya zamani mama ana vitu vitatu," alisema. "Kwa mpya ana alama tatu. Kote amepungukiwa moja."

Nilielewa upesi, kwa sababu ndiyo kazi yetu. Mnunuzi mmoja anapanga daraja kwa ukubwa, mwingine anabonyeza kwanza shingo ya kitunguu kama imekauka. Kitunguu ni kilekile. Lakini mama alikuwa amekosa daraja kwa wanunuzi wote wawili, na sababu nilikuwa nayo mkobani.

Nikalisukuma daftari mezani. Daktari akasoma kwa sauti: "Siku ya vipimo. Mama ametia dawa ya macho asubuhi. Kabla ya kuingia amenyonya limau."

Akamgeukia mama. "Kweli, mama?"

"Sasa daktari, nije mbele yenu na macho mekundu kama nimetoka kilabuni? Na kikombe nikirudishe kitupu? Si aibu hiyo!"

Sijui sauti niliipata wapi. "Mama, umepamba gunia."

Kwetu kupamba gunia ni kuweka vitunguu vizuri juu na vibaya chini. Mama hajawahi kumfanyia hivyo mnunuzi yeyote, na watu wanamjua kwa hilo. Akacheka hadi akakohoa, akaomba kidumu chake. "Leo umenikamata, mwanangu."

Kesho yake alirudi bila dawa ya macho, bila limau, bila hata funda la maji. Karatasi ilitoka jichoni kavu, karibu kama ilivyoingia. Kabla hata ya kikombe cha mate, orodha ya zamani, vinne. Mpya, nne.

"Orodha hizi zilitungwa hasa kwa ajili ya watafiti," daktari alisema. "Zinanisaidia, lakini hazilali nyumbani kwa mgonjwa. Nani kaandika daftari hili?"

"Huyu hapa," mama alisema, akaninyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye gunia bora la msimu. "Darasa la saba tu huyo!"

Sasa ana dawa, na anahudhuria kliniki. Shangazi alikuja kumpa pole. Mama akamkabidhi daftari asome, akaendelea kukata majani ya vitunguu, macho yake makavu vilevile, kichwa juu.

Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyemeza bila maji, niandikie. Nieleze siku ya vipimo aliamka akafanya nini. Nitakujibu, ila univumilie, naandika polepole.