Mtama Ulioliwa Msibani

Mzee Jilala Bundala alirudi kutoka vita vya Kagera na sikio moja. La kulia alilipoteza karibu na Masaka, bomu lilipoanguka jirani na handaki lao. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Wenzake walirudi na hadithi za kusimulia vilabuni. Yeye alirudi kimya, na kule kwao Nzega wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Hakukuwa na mkono wa mtu. Alikuwa amechoka na kelele, basi. Alishinda shambani kwa baba yake, na shamba lenyewe lilikuwa limeliwa na gugu la kiduha. Kiduha ukikiona utakipenda, maua yake ya zambarau yanapendeza kweli, kumbe chini kwa chini kinanyonya mizizi ya mtama mpaka suke linatoka tupu. Aliwahi kuniambia kwamba vitani hakupata kumwona sawasawa mtu aliyekuwa akimpiga risasi, lakini kiduha alikiona kwa macho yake, akakichukia vizuri.

Akaenda kusoma kilimo Morogoro, akarudi Tabora kufanya utafiti wa mbegu. Zaidi ya miaka ishirini alizalisha mtama kwa mtama, akichagua suke hili na kutupa lile, hadi akapata mtama mwekundu unaosimama katikati ya kiduha na kuzaa. Kabla haujapitishwa kuwa mbegu rasmi, mradi ukafungwa. Waliokuwa wakiufadhili walitaka mahindi. Wakamwandalia chai ya kumuaga, wakapiga picha, wakaondoka.

Mimi ni fundi cherehani, nyumba yangu imepakana na yake huku njia ya Kipalapala, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona. Kila masika alipanda mtama ule kwenye kiwanja chake ili mbegu isife. Mkewe, Bi Adelina, aliyafunga masuke na kuyaning'iniza juu ya jiko, moshi uyakinge na fukusi. Watoto wao wawili wako Dar es Salaam, wanapiga simu Jumapili. Thamani ya masuke yale waliijua watu wawili tu, yeye na mkewe.

Bi Adelina akafariki Agosti, mtama ukiwa umeshavunwa wote na kuning'inizwa juu ya jiko.

Hapa nitasema kitu na atakayenuna anune. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu za Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu mpaka pwani na kupokelewa na hao hao wanaowatania leo. Msibani mtani ana ruhusa ya kuchukua chochote na kukutukana utakavyotukanika, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, utani umevunjika. Nauheshimu sana utani, lakini kwa yaliyotokea siku ile niliuchukia.

Mtani wa Mzee Jilala ni Mzee Abbasi, fundi baiskeli, Mzaramo aliyezaliwa hapa hapa Tabora. Sisi tukiwa makaburini, yeye aliingia jikoni akalia kilio cha uongo. "Adelina kaondoka, bahili kabaki na chakula juu ya moshi! Leo tunakula mpaka kamba!" Akayashusha masuke yote. Wanawake wakatwanga, wakasaga, wakasonga.

Tuliporudi, Mzee Jilala aliwekewa sahani ya ugali mwekundu. Aliutambua kwa rangi. Watu wote walikuwa wanamtazama, tayari kucheka, na Mzee Abbasi amejifunga kanga ya marehemu kiunoni. Mzee Jilala alimega tonge, akatabasamu, akala kazi ya maisha yake yote hadi sahani ikawa nyeupe.

Aliponieleza baadaye kwamba mbegu yote ndiyo ile tuliyokula, nilisimama pale pale niende nikamwambie Mzee Abbasi alichofanya. Akanishika mkono.

"Usimwambie, mwanangu."

"Kwa nini, baba? Hata aibu asione?"

"Wanangu wanapiga simu Jumapili. Abbasi anakuja kila jioni. Akijua, ataona haya, hatakuja tena. Nitabaki na nani?"

Nikaketi tena, ingawa roho iliniuma.

Tumaini lilikuwa moja tu. Zamani za majaribio aliwahi kugawa mbegu kidogo kwa wakulima wachache. Masika yaliyofuata msiba hakupanda kitu, kiwanja kikaota nyasi. Mwezi wa tano alipanda treni mpaka Bukene. Mkulima aliyemtafuta alikuwa ameshakufa, na wanawe wanalima mpunga. Akaunga kwa basi mpaka Igunga, akaenda Choma, kwa bibi ambaye yeye alimpa bakuli moja la mbegu miaka ya tisini. Bibi naye hakuwapo tena. Alimkuta mkwe wake, mama mmoja anaitwa Kabula, na nyuma ya nyumba, katikati ya maua ya zambarau, mtama mwekundu umesimama na masuke yamejaa.

Anasema aliyahesabu masuke kwa macho. Kabula akamsalimia.

"Shikamoo, baba. Umepotea?"

"Marahaba, mama. Napita tu. Mtama huu umeutoa wapi?"

"Huu? Wa mama mkwe wangu, aliachiwa na bibi zake. Ni wa ukoo wetu." Kabula aliusema ukoo kwa fahari, akalishika suke kama anavyoshikwa mtoto kichwani. "Huu hata kiduha hakiuwezi."

Angeweza kusema. Alifungua mdomo kabisa. Lakini aliona kwamba akisema ukweli atamnyang'anya yule mama bibi zake wote, na yeye atabaki mpweke vile vile. Akaomba mbegu kidogo.

"Nitakupa. Wewe, baba, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa askari."

"Ndiyo maana mtama huujui," Kabula akasema, bila ubaya wowote. Akampeleka kati ya mistari, akaanza kumfundisha: usiupande karibu na mtama mwingine, chagua suke la katikati ya shamba, usiharakishe kuvuna. Mzee Jilala alimgeuzia sikio lake zima na kuitikia "ndiyo, mama" kwa kila neno, kwa sababu tangu Adelina afe hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye habari za mtama ule.