Kokoto Langoni

Mwenye loji alitueleza mapema: tungejenga mitaro miwili ya mawe ya kupitisha maji ya mvua bustanini, mmoja wangu, mmoja wa mwenzangu, na atakayemridhisha ndiye angesimamia bustani yote. Mwenzangu nilisoma naye shule ya msingi hapa Ganako. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nina shahada ya mazingira na miaka miwili ya kukaa nyumbani, nikisoma upya kila barua ya maombi ya kazi kutafuta neno lililoniponza.

Nilichora mtaro wangu mara nne. Nikauchimba, nikamwaga kokoto safi moja kwa moja juu ya udongo mwekundu. Ulipendeza. Wageni waliupiga picha.

Yeye alikuwa bado anapanga mawe makubwa, akiyasimamisha na kuyabana moja moja, kama kina mama wa hapa wanavyoziba makorongo shambani. Kokoto aliziweka mwisho, za kujaza nafasi tu. Niliona ni kazi ya shamba. Hata hivyo nilihesabu mwenye loji alisimama kwa nani zaidi. Kwake mara saba. Kwangu mbili, na moja alikuwa anaongea na simu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Kokoto zangu zilisombwa hadi langoni, zilizobaki zikazama kwenye tope. Nilikimbilia mtaro wake nikiomba, kweli niliomba, nao uwe umebomoka. Maji yalikuwa yakipita taratibu kati ya mawe na kuishia kwenye nyasi, bila kuchimba chochote.

Mwenye loji hakunigombeza. Alimwambia mwenzangu afike ofisini kesho asubuhi, akaondoka. Afadhali angenigombeza.

"Injinia, lete toroli," mwenzangu akaniita. "Tuzizoe hizi kabla magari ya wageni hayajarudi kutoka kuangalia wanyama kreta."

Hakuwa ananicheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kokoto hazikai juu ya udongo mtupu.

"Si nilikuambia juzi? Ukasema hayo umeyasoma."

Ni kweli aliniambia. Usiku ule nililala nikilichambua neno lake, nikaamua anataka kunichelewesha ili amalize kwanza.

Tulizoa hadi jioni. Kila nilipoinua koleo niliwaza kama watampa meza yake mwenyewe ofisini, na kama itakuwa karibu na dirisha.