Mafuta Yenye Ujumbe

Nilisikia vichupa vikigongana kabla sijamwona mtu. Kisha, kwenye pengo la uzio wa minyaa, mtaalamu wa mifugo akatokeza akiikokota pikipiki yenye boksi la dawa.

“Shikamoo, mama. Nimeishiwa mafuta pale Ibadakuli.”

“Marahaba,” mama yangu akaitikia. “Na ng'ombe wangu kaishiwa nini? Dume anampita kama kisiki.”

Kamba aliishika wifi yangu, mke wa kaka anayechimba dhahabu Mwakitolyo. Ng'ombe yule hakutulia kwa mwingine. Mtaalamu akavaa glovu ndefu, akampima, akakuta hana mimba. Akainua kichupa.

“Hii ni prostaglandini. Mji wa mimba huitengeneza wenyewe, kutokana na asidi ya mafuta iliyomo kwenye utando wa seli. Ikitoka, inapeleka ujumbe, ng'ombe anarudi kwenye joto, anamtaka dume. Ujumbe wa huyu umekwama, ndiyo tunamsaidia.”

“Kumbe naye kaishiwa mafuta,” mama akasema.

Walicheka, mimi nimesisimka mno. Mafuta niliyoyajua yalikuwa samli kibuyuni, yamekaa kimya. Sasa nilijiona nimejaa, seli kwa seli, maneno yanayosubiri kusemwa. Nilitamani kumkumbatia ng'ombe.

“Ila dawa hii hupenya ngozi,” mtaalamu akaendelea. “Mjamzito ikimgusa, mimba inaweza kutoka. Kama yupo hapa, asogee mbali.”

“Nani sasa? Mimi nilishafunga duka, na huyu mwanangu mume wake ni kalamu.”

Wifi hakucheka. Mwaka uliopita mimba yake iliharibika wakati ukoo mzima umeshatangaziwa, na tangu hapo hakutaka hata kuulizwa. Akanitia kamba mkononi, akarudi nyuma mpaka kwenye kihenge, mikono yote miwili tumboni.

Ng'ombe akanikanyaga. Sindano ikaingia, mtaalamu akatupa glovu shimoni, akanawa. Mama alikuwa bado anamtazama mkwewe.

“Na jana nimekuita mvivu. Mbona hukuniambia?”

“Nilitaka tumbo liseme lenyewe, mama.”

“Limeshasema. Sasa mpigie mumeo, asije akaambiwa na daktari wa ng'ombe.”

Nikampa simu yangu. Alivuka uwanja polepole, kama aliyebeba maji kichwani, lakini alipokaribia nyumba tukamsikia ameshaanza kucheka, “Haloo, baba,” na mlango ukafungwa nyuma yake.